Aliyeitikiwa Siku Tatu

Kidato cha pili katika Sekondari ya Mtakatifu Apolonia walikuwa wanafunzi thelathini na wanane. Kila asubuhi, mstarini, walijihesabu kwa sauti: wa mbele alianza na moja, anayefuata mbili, mpaka kwa Catherine, msichana mrefu aliyewekwa nyuma ili asiwazibe wenzake, ambaye humalizia na thelathini na nane. Jumatatu ile ya mwezi wa kumi Catherine alisema thelathini na nane, na nyuma yake, mahali palipokuwa na upepo tu na ukuta wa jiko, mtu akasema thelathini na tisa.

Mwalimu Laurenti Mughwai aliinua macho kutoka kwenye daftari la mahudhurio.

"Nani huyo wa thelathini na tisa? Karibu sana, ada umelipia wapi?"

Wanafunzi walicheka. Catherine hakucheka, aligeuka nyuma akaangalia ukuta.

"Rudieni," Laurenti akasema. Walirudia, na safari hii hesabu ikaishia pale ilipopaswa kuishia. Akawaambia hesabu yake aliiacha Tunduru, tembo wakaila pamoja na mahindi ya shule, akaandika thelathini na nane, akafunika daftari. Mkono wake ulipopita juu ya jalada ulikuta mchanga kidogo. Aliupangusa bila kuutazama. Singida kwa upepo wake, mtu asiyekuta mchanga mahali ndiye wa kushangaa.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, kitambi alichokiita pensheni yake, na shule kumi na moja nyuma yake: Ukerewe, Mpanda, Newala, na nyingine ambazo kila moja ilimwachia ugonjwa mmoja na hadithi mbili. Alipoulizwa kwa nini amerudi Mungaa kufundisha nyumbani, alijibu kwamba kwingine kote alishafukuzwa kwa heshima. Ukweli alikuwa hausemi mstarini. Dada yake Emiliana alifariki miaka minne iliyopita akaacha binti mmoja, Evodia, na kitandani pale hospitali alimshika kaka yake mkono akamwambia, "Mtoto asipotee." Hakusema lingine. Evodia sasa alikuwa kidato cha pili, namba kumi na saba mstarini, na kwa habari ya Evodia mwalimu Laurenti hakuwa na mzaha.

Shule ilikuwa inajiandaa na jubilei ya miaka hamsini. Ilianzishwa na masista watatu wa kutoka ng'ambo ambao, kwa sababu walizozijua wenyewe, waliiweka chini ya mtakatifu wa maumivu ya meno, jambo ambalo Laurenti alilikumbusha kila wali wa Jumapili ulipokuwa na mawe. Siku hizo ilikuwa ya wasichana watupu, mabweni mawili ya mawe na kanisa, bila bomba, na kila mwanafunzi alidaiwa ndoo moja ya maji kabla ya chai, kutoka kwenye visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa korongo. Leo kulikuwa na wavulana, kompyuta ishirini zinazowaka kumi na moja, na kisima kirefu cha pampu kinachojaza matangi makubwa meusi. Korongoni hakuna aliyekwenda tena ila ng'ombe.

Mkuu wa shule, Sista Scholastika, alimpa Laurenti kazi ya kuandika historia ya shule. Laurenti akaomba funguo za stoo, akatoa madaftari ya mahudhurio ya zamani, na humo akapata wazo aliloliona zuri kuliko yote aliyowahi kuwa nayo tangu aache kuvuta sigara. Kila Ijumaa angeita mahudhurio ya darasa moja la zamani. Kila mwanafunzi wa leo angepewa jina la mmoja wa wale wa kale, na jina likiitwa amwitikie. "Ili mjue shule haikuanza na ninyi," aliwaambia. Walipenda. Wavulana waliopewa majina ya kike waliitika kwa sauti nyembamba, na hata Sista Scholastika alionekana akitabasamu kidogo, kitu ambacho kilistahili kuingia kwenye historia.

Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu ya kidato cha pili cha mwaka sabini na tisa. Evodia alipewa jina la Luciana Antipasi.

"Luciana Antipasi," Laurenti akaita.

"Nipo," Evodia akaitika.

Matroni Martha, mama wa miaka sitini na moja aliyekuwa akilinda bweni la wasichana tangu kabla ya walimu wengi kuzaliwa, alikuwa anakatiza uwanjani na mtungo wa funguo. Zilimwanguka. Hakuziokota mara moja. Laurenti aliliona hilo na akalisahau.

Jumanne aliita majina darasani. Evodia alikaa dawati la mbele, karibu na dirisha.

"Evodia Michael."

"Nipo."

Sauti ilikuwa ya msichana, nzuri, ya haraka, na ilitoka nyuma kabisa ya darasa. Evodia alikuwa amefungua mdomo, akaufunga.

"Catherine," Laurenti akasema, "unamwitikia mwenzako wakati mwenyewe yupo hapa ananitazama? Angalau ngojeni akitoroka."

"Sio mimi mwalimu," Catherine akasema kwa sauti ya chini. "Naapa. Mimi nimedhani ni yeye."

Wakati huo ndipo harufu ilipopita. Mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa nne. Ardhi ilikuwa imepasuka na majani ya alizeti yaliyobaki shambani yalikuwa yanasagika mkononi kama karatasi iliyoungua, na bado darasani, kwa pumzi mbili tatu, palinuka mchanga uliolowa, harufu ile ya ubaridi inayomjia mtu usoni anapoinama juu ya kisima. Laurenti alitazama daftari. Kwenye mstari wa Evodia, pale alipotaka kuweka vema, palikuwa na mchanga, na ulikuwa mbichi, na wino wa majina ya jirani ulikuwa umeanza kusambaa.

Mchana, saa ya mapumziko, wanafunzi wote wakiwa vitandani na walimu wakiwa wamelaza vichwa juu ya madaftari ya kusahihisha, shule ilisikia mtu akigonga ndoo. Ngo, ngo, ngo, kisha kimya, kisha ngo, ngo, ngo. Ilikuwa ndoo ya bati, masikio hayaikosei. Na ndoo zote za shule, mia tatu na zaidi, zenye majina yaliyoandikwa kwa rangi ubavuni, zilikuwa za plastiki.

Jioni alimwita Evodia kwenye baraza ya ofisi ya walimu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Evodia alifikiri muda mrefu kuliko makande yanavyostahili. "Sikumbuki. Mjomba, nikuulize kitu? Hutanicheka?"

"Mimi nicheke? Na hiki kitambi? Uliza."

"Kwa nini wananiitikia?" Alikuwa anaangalia vidole vyake, chini ya kucha palikuwa na mchanga. "Nikiitwa, nikifungua mdomo nakuta ameshaitika. Jana matroni ameniita nikachukue shuka, nimesikia mtu anasema nakuja, na mimi nilikuwa nimekaa. Nimebaki nimekaa. Nikaona kama nimeshakwenda."

"Ni nani anakuitikia?"

"Simjui. Ana baridi." Akauchokoa ule mchanga wa kuchani. "Ila akiitwa yeye, mimi ndio nasikia."

Laurenti alitaka kusema kitu cha kuchekesha, akakitafuta mahali pote alipozoea kuvikuta, hakukipata. Badala yake, akijichukia wakati anafanya hivyo, alisema polepole, "Luciana."

"Nipo," Evodia akaitika papo hapo, na hakuonekana kujua kwamba ameitika.

Jumatano asubuhi shule nzima ilikuwa inanong'ona jini. Jini la korongoni, jini la stoo, jini lililokuja kwenye gunia la maharage kutoka mjini. Sista Scholastika alisimama mstarini akasema Mtakatifu Apolonia haina majini, ina wavivu wa kufua. Lakini alipomaliza alimpigia simu Padre Gervas, paroko, ambaye alifika na pikipiki yake, stola, ule ukanda mrefu wa kipadre, mfukoni na chupa ya maji ya baraka iliyofungwa kwa mpira nyuma ya kiti.

Wanafunzi waliingizwa kanisani saa nne, jua likiwaka madirishani. Padre alinyunyiza mlangoni, altareni, kwenye viti, akaanza litania ya watakatifu kwa sauti yake nzito, na shule ikajibu utuombee, utuombee, kama mawimbi, mpaka watu wakaanza kupumua vizuri na Laurenti, aliyekaa nyuma ya Evodia, akaona mabega ya mtoto yakilegea. Wakafika kwa msimamizi wa shule.

"Mtakatifu Apolonia."

"Utuombee," wakasema mia tatu na kumi na wawili.

"Nipo," akasema mmoja.

Padre Gervas alibaki na mkono juu. Maji yalidondoka kutoka kwenye kinyunyizio, tone, tone, juu ya sakafu, na pale yalipodondoka sakafu ya saruji iliyapokea na kuyanywa bila kuacha alama, kama mchanga unavyofanya. Akamaliza litania kwa haraka. Nje alimvuta Laurenti pembeni.

"Mwalimu, mimi ni padre wa kawaida. Nabariki magari, mashamba, hata kuku wa watu nimebariki. Huyu hakuja kupigana. Umemsikia? Anaitika. Kuna mtu amemwita."

Laurenti alikwenda stoo.

Daftari la mwaka sabini na tisa lilikuwa palepale alipoliacha. Ijumaa alisoma majina tu, hakutazama alama. Sasa alizitazama. Mwezi wa kumi, kidato cha pili, mstari wa Luciana Antipasi: vema, vema, vema, tangu mwezi uanze bila kosa. Kisha, kuanzia Alhamisi ya wiki ya pili, nafasi zote zilizobaki zilikuwa zimepigwa mstari mwekundu, na pembeni, kwa mwandiko wa sista wa kigeni: *Amefariki Jumatatu.*

Laurenti alisoma tena. Amefariki Jumatatu. Vema Jumatatu. Vema Jumanne. Vema Jumatano.

Miaka thelathini ya kufundisha shule za bweni ilimwambia kilichotokea kabla hajageuza ukurasa. Alishawakamata mamia. Mmoja anatoroka, rafiki anabana koo anamwitikia, mwalimu anaweka vema, maisha yanaendelea. Ni kosa dogo kuliko yote ya shuleni. Yeye mwenyewe alilifanya, na aliyefanyiwa leo ni hakimu. Mwisho wa daftari palikuwa na jina la kiranja wa darasa: Martha Noel.

Alimkuta matroni Martha nyuma ya bweni, anaanua mashuka. Upepo ulikuwa unayapiga kiasi kwamba ilibidi asimame karibu sana.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mwalimu." Aliliona daftari mkononi mwake, akaendelea kukunja shuka, pembe kwa pembe, kwa uangalifu wa kupita kiasi. "Nilikuwa nangoja uniulize. Tangu Ijumaa nangoja."

"Alikuwa rafiki yako?"

"Tulilala kitanda kimoja, mmoja kichwani mmoja miguuni. Vitanda havikutosha." Akaweka shuka kwenye beseni. "Mama yake alikuwa amejifungua, kule Ilongero. Luciana alikuwa anasema kila siku, nitakwenda kumwona mtoto, hata kwa mguu. Jumatatu nimeamka hayupo. Ndoo yake haipo. Nikasema amekwenda, amejifanya anakwenda maji amepitiliza. Sista akaita, mimi nikamwitikia. Nilijua kuigiza sauti yake, tulikuwa tunachekeshana nayo. Jumanne nikamwitikia. Jumatano nikamwitikia, nikawa nimeanza kumkasirikia, nikasema huyu akirudi atanifulia mwezi mzima."

"Na alikuwa korongoni."

"Kisima kilimwangukia. Visima vya mchanga, mwalimu, ukichimba kwa pupa kuta zinashuka. Alhamisi mchungaji mmoja ameona ng'ombe wake wanagoma kukanyaga mahali, akaenda kuangalia, akakuta mshikio wa ndoo." Martha alishika kamba ya nguo kwa mikono miwili. "Ndoo ilikuwa imemfunika kichwa. Ilimwachia hewa. Kwa ndani ilikuwa imebonyea, alikuwa anaigonga. Tabibu wa zahanati alisema hakufa Jumatatu. Masista wakawaambia wazazi amekufa Jumatatu, papo hapo, hakuumia. Na mimi nikanyamaza. Kama ningesema hayupo, neno moja tu, wangemtafuta siku hiyohiyo. Korongo liko hapo, unaliona."

"Ndiyo maana hukuondoka hapa."

"Ningekwenda wapi? Shuleni huku kila mtu anajua Luciana amekufa. Ila yeye, mwalimu, hajaambiwa. Jina lake limeitwa mara tatu akasikia anaitikiwa. Nani atamtafuta mtu ambaye yupo? Miaka yote hii alikuwa amelala kwa sababu hakuna aliyemwita. Mpaka wewe."

Kengele ya saa kumi ililia, ile ya kazi za mikono, na Laurenti aligundua kwamba leo ni Jumatano, kwamba hesabu ilianza Jumatatu, na kwamba tangu walipotoka kanisani hajamwona mpwa wake kwa macho. Aliondoka kwa mwendo ambao wanafunzi walikuja kuuelezea kwa wiki nzima. Abraham, kiranja wa kidato cha pili, alikuwa bustanini na daftari.

"Wako wote?"

"Wote mwalimu. Thelathini na nane."

"Evodia?"

"Yupo. Ameitika."

"Umemwona?"

Abraham alifikiri. Akaanza kugeuka huku na huku, kati ya majembe na vichwa. "Nimemsikia," akasema.

Ndoo ya Evodia haikuwepo bwenini.

Kutoka uzio wa shule mpaka korongoni si mbali, lakini Laurenti aliyekimbia na Martha aliyekuwa nyuma yake akivuta sketi kwa mikono miwili, na Padre Gervas aliyekuwa amebaki kwa chakula na chai ya Sista na akaona afadhali awafuate, waliona kana kwamba njia inarefuka chini ya miguu, kwa sababu upepo ulikuwa unawarudisha na ndani ya upepo kulikuwa na ile harufu, sasa nzito kama kitambaa kilicholowa kilichobandikwa usoni, na chini ya harufu, kutoka mbele, kutoka chini, mtu alikuwa anagonga bati, ngo, ngo, ngo, kisha kimya cha mtu anayesikiliza kama amesikiwa, kisha ngo, ngo, ngo.

Shimo lilikuwa katikati ya korongo, jembamba, refu kuliko mtu mzima, na hapakuwa na mtoto wa miaka kumi na mitano ambaye angeweza kulichimba kwa mchana mmoja kwa mikono. Evodia alikuwa chini. Mchanga mbichi ulikuwa umemfika kiunoni na bado alikuwa anachota, anajaza ndoo yake ya bluu iliyoandikwa jina lake, anaimwaga palepale, anachota. Kuta zilikuwa zinashuka taratibu, kama sukari inavyoshuka kwenye gunia lililotoboka.

"Evodia. Mwanangu. Nipe mkono."

Hakuinua kichwa. Laurenti alipiga magoti, na ukingo mzima ukazama kwa uzito wake; debe zima la mchanga likamwangukia mtoto mabegani. Alirudi nyuma kwa tumbo. Kitambi alichokifanyia mzaha miaka ishirini sasa kilikuwa kinamzika mtoto wa dada yake. Padre naye hakuwa mwembamba. Walilala kifudifudi, mmoja kila upande, mikono yao ikiishia hewani, na mchanga ukafika kifuani mwa Evodia, na ile sauti nzuri ya haraka ikasema kutoka humo chini, si kwa mdomo wa Evodia, "Nipo. Nipo. Nipo," kama mwanafunzi anayeogopa kwamba mwalimu hajamsikia na atawekewa kosa.

Martha alisimama kwenye ukingo. Alikuwa ametulia. Akaanza kuita majina, bila daftari, kwa mpangilio wa mwaka sabini na tisa, jina moja moja, kama alivyokuwa ameyaita moyoni kila usiku tangu hapo, na kila baada ya jina aliacha nafasi, na katika nafasi hiyo hakukusikika kitu, upepo tu, mpaka alipofika.

"Luciana Antipasi."

"Nipo," chini ikasema, kwa furaha.

"Hayupo," Martha akasema.

Kugonga kukakoma.

"Jumatatu hayupo. Aliyeitika ni mimi, Martha. Mtafuteni, yuko korongoni." Sauti yake ilikuwa inakatika lakini hakuacha. "Luciana Antipasi, Jumanne. Hayupo. Aliyeitika ni mimi. Luciana Antipasi, Jumatano. Hayupo. Nilidanganya, mwenzangu. Nilidhani uko kwa mama. Hukusikiwa kwa sababu yangu."

Mchanga ulisimama. Haukushuka wala haukupanda. Ulisimama tu kama unafikiri, na kimya kile kilikuwa kirefu kiasi kwamba Laurenti alisikia saa ya mkononi ya Padre. Kisha kutoka chini kabisa, chini ya miguu ya Evodia, ikatoka pumzi ndefu, baridi ikawapiga usoni wote watatu, na harufu ikaondoka.

Laurenti alijua kilichobaki ni chake. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Evodia Michael," akaita.

Hakuna aliyejibu. Akangoja. Alingoja akijua kwamba likitoka jibu la haraka, zuri, kutoka mahali pengine, basi hana mtoto.

"Mjomba," ikasema sauti ya mafua, ya kulialia, yenye mchanga mdomoni. "Nipo. Nitoe huku."

Walimtoa kwa stola ya Padre na kanga ya Martha zilizofungwa pamoja.

Siku iliyofuata Laurenti alichukua kalamu nyekundu, akafungua daftari la zamani, na juu ya zile vema tatu akaweka alama za mkasi, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, za mtu asiyekuwepo. Padre Gervas alisoma misa ya marehemu na jina likatajwa. Wiki nzima kidato cha pili walijihesabu wakaishia thelathini na nane. Evodia alirudi kula, akaanza kulalamika kuhusu makande, na mjomba wake akaona hakuna muziki mtamu zaidi. Mchezo wa kuitikia watu wa zamani ulifutwa. Katika historia ya shule Laurenti aliandika kwamba ulisimamishwa kwa sababu ya ujinga wa mwandishi.

Martha alisema bado ana safari moja. Mama yake Luciana alikuwa hai, Ilongero, haoni tena lakini anasikia vizuri. Jumatatu alfajiri akapanda basi, na kibegi kidogo, kwenda kumwambia ukweli wa siku tatu.

Asubuhi hiyo Sista Scholastika, ambaye baada ya yaliyotokea aliamua kila mtu ahesabiwe, wakiwemo walimu na wapishi, alisimama mbele ya mistari akaanza kuita wafanyakazi. Laurenti alikuwa pembeni yake ameshika daftari.

"Matroni Martha."

Laurenti alikuwa anafungua mdomo kueleza habari za basi.

"Nipo."

Ilitoka nyuma ya mstari wa mwisho, nzuri, ya haraka, na safari hii ilikuwa na kicheko kidogo ndani yake, kile cha msichana anayemfichia rafiki yake kosa. Macho yote yalimgeukia Evodia. Evodia alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Laurenti alitoa simu. Akampigia Martha. Iliita, iliita, ikapokelewa katika kelele za injini na upepo.

"Mwalimu? Ndio kwanza tunaingia mjini. Mbona unahema hivyo?"

"Nilitaka kujua kama uko salama, dada."

"Niko salama. Kuna nini?"

Akamwambia.

"Amelipa," Martha akasema mwisho. "Ndivyo tulivyokuwa. Mmoja akitoka, mwingine anamwitikia. Mwalimu, nisikilize. Nenda mbele yao sasa hivi, useme sipo. Useme wote wasikie, kabla hajazoea."

Laurenti alirudisha simu mfukoni. Akatembea mpaka mbele ya mistari, akasafisha koo, na kwa ile sauti yake ya darasani akasema, "Matroni Martha hayupo." Akaweka mkasi. Kisha akangoja, kalamu ikiwa juu ya karatasi, na wanafunzi mia tatu na kumi na wawili wakangoja pamoja naye, na pale nyuma ya Catherine, kwenye ukuta wa jiko, mahali upepo unapoingilia, mtu akavuta pumzi.